Umerudi kutoka kwa watoto ng'ambo? Usiikimbilie bustani

Leo tunazungumza na wewe uliyefunga nyumba yako Sumbawanga, ukamwachia jirani ufunguo, ukaenda kukaa kwa watoto ng'ambo miezi mitatu au minne, na sasa umerudi. Alhamdulillah, umefika salama. Mizigo iko sebuleni bado haijafunguliwa, majirani wanaingia na kutoka kukupa pole ya safari, lakini jicho lako liko dirishani linatazama bustani. Uliiacha ikiwa imepaliliwa vizuri. Sasa magugu yamefika kiunoni, mchicha umekomaa na kutoa mbegu, maboga yametambaa mpaka mlangoni kwa choo, na mparachichi umeangusha matunda yakaozea chini. Unatamani kushika jembe hapo hapo.

Tunakuomba uliache jembe kwanza.

Safari za namna hii zimekuwa nyingi. Wapo wenye watoto na ndugu Oman, maana udugu baina ya watu wa Afrika Mashariki na nchi ile ni wa zamani, na baada ya mwaka 1970 familia nyingi zilizokuwa zikiishi huku zilihamia kule. Wapo waliokwenda Umra wakapitia kwa mtoto na kukaa. Na wapo ambao ng'ambo yao si ya ndege: huvuka mpaka pale Kasesya kwenda kwa ndugu Mbala, Zambia, au hupanda boti katika Ziwa Tanganyika. Kwa wale wanaokwenda Uarabuni, wengi hupenda kuondoka Novemba au Desemba kwa kuwa joto la kule limepungua, na kwa miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, hufunga hukohuko na watoto wao, wakala Idi, ndipo wakarudi.

Sasa tazama kalenda ya Ufipa. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili. Yaani umeiacha nyumba peke yake kwa muda wote wa mvua. Anayeondoka Juni akarudi Septemba hukuta vumbi. Wewe umekuta msitu. Na ndani ya msitu huo mna nyoka, panya, maji yaliyotuama na udongo mbichi ambao haujakanyagwa na mtu tangu uondoke. Magonjwa mengi ambayo watu huyahesabu kuwa "yametoka ng'ambo" mtu huyapata njiani au hapa hapa nyumbani, katika siku chache za mwanzo anapojitosa kusafisha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo safu hii inashauri hivi: wiki ya kwanza iwe ya mwili wako, maji na nyumba. Bustani iingie zamu wiki ya pili.

Mwili uliorudi si ule ulioondoka

Tuanze na mwili. Kule kwa mtoto ulikaa katika nyumba ya ghorofa, kipupwe kinafanya kazi usiku na mchana, ukitoka unatoka kwa gari. Chakula ni wali wa nyama, halua na soda, na wajukuu hawakuruhusu kushika hata ufagio. Hayo ni mapenzi, na mzazi hana sababu ya kuyakataa. Lakini misuli ya mtu mzima isipotumika kwa wiki kadhaa hupungua nguvu, na kwa mtu aliyevuka miaka sitini hupungua upesi zaidi na kurudi polepole. Isitoshe, Muscat iko usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mita zipatazo 1,800. Siku chache za mwanzo mtu huweza kuhema akipanda kilima kidogo tu ambacho zamani alikipanda na ndoo kichwani. Mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo ataihisi hali hiyo zaidi. Kulima kwa saa nne mfululizo katika hali hiyo ni kujitafutia kitanda cha hospitali.

Kisha kuna safari yenyewe. Watu huogopa ndege, wakasahau basi. Ndege kutoka Muscat hadi Dar es Salaam ni saa tano hivi. Basi kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kupitia Mbeya na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 1,100, na hapo umekaa magoti yamekunjwa. Kukaa hivyo muda mrefu, ndege ikiunganishwa na basi, kunaweza kusababisha damu igande katika mishipa ya ndani ya mguu. Dalili yake ni mguu mmoja, aghalabu kwenye shavu la mguu, kuvimba, kuuma na kuwa na joto kuliko mwenzake. Inaweza kutokea siku ile ile au baada ya wiki mbili tatu. Tunalisisitiza hili kwa sababu desturi yetu ni kuuchua mguu unaouma kwa mafuta ya moto. Mguu wa namna hii usichuliwe! Bonge lile likichomoka huenda kuziba mishipa ya mapafu. Mpeleke mgonjwa hospitali, na ikiwa ameanza kubanwa kifua na kuhema ghafla, msingoje kupambazuke.

Jambo jingine ni dawa. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari alipelekwa kliniki kule na mwanawe, akarudi na mfuko wa vidonge vyenye maandishi ya Kiarabu. Nyumbani ana vidonge vyake vya zamani alivyopewa hapa. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya viwanda. Akameza hivi asubuhi na vile jioni, kumbe ni dawa ile ile, amejizidishia maradufu bila kujua. Kesho yake anainama kupalilia, anainuka, kizunguzungu kinamwangusha. Jamaa wanasema amechoka na safari, au wanasema mengine tusiyopenda kuyaandika hapa. Chukua mifuko yote miwili, ya hapa na ya kule, ipeleke kwa daktari au mfamasia akutenganishie kabla hujaendelea kumeza.

Homa baada ya safari

Sehemu hii naomba isomwe kwa sauti nyumbani ili kila mtu aisikie.

Uwanda wa juu wa Ufipa una baridi, na mbu wa malaria ni wachache kuliko kule Muze na Ilemba katika bonde la Ziwa Rukwa, au Kirando na Kasanga kwenye mwambao wa Tanganyika. Hiyo ni neema, lakini ina gharama yake: mwili wa mtu wa juu haujazoea kupambana na vimelea kama mwili wa mtu wa bondeni. Ukikaa miezi kadhaa mahali pasipo na malaria, hata kinga kidogo uliyokuwa nayo inapungua. Kisha unarudi, unalala usiku mmoja au miwili Dar es Salaam ukisubiri basi, labda bila chandarua. Malaria kali ya huku kwetu kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 tangu kuumwa na mbu. Hesabu mwenyewe: ni wiki zile zile ambazo uko bustanini unafyeka. Mwili unauma, kichwa kinagonga, unasema ni jembe. Siku ya tatu unaweweseka.

Kwa hiyo homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria kipo mpaka kwenye zahanati, kinatoa jibu kwa dakika chache. Usinunue dawa mseto dukani kwa kubahatisha. Kipimo kikisema hakuna malaria, usirudi nyumbani ukiwa umeridhika. Mweleze mganga umetoka wapi, umelala wapi na umeshika nini. Dengue ilienea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mtu anayeshukiwa kuwa nayo hatakiwi kumeza aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli inatosha mpaka daktari aamue.

Hapa kuna kundi moja linalohitaji uangalifu kuliko mengine yote, nalo ni wajukuu. Mtoto aliyezaliwa Muscat au London akaletwa kumwona bibi hana kinga yoyote ya malaria. Uso wake ni wa nyumbani, jina lake ni la nyumbani, lakini damu yake ni ya mgeni. Huyo hulala ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na wazazi wake wawe wameshamwona daktari kabla ya safari ili apewe dawa za kinga. Bibi asione aibu kuwauliza kama walifanya hivyo.

Na kwa aliyetoka Zambia au Kongo kwa barabara au kwa boti: kipindupindu kilipiga Zambia vibaya sana kuanzia Oktoba 2023 hadi 2024, kikaua watu kwa mamia, na sisi wa Rukwa tunajua nao kilivyotutesa bondeni. Kuhara maji maji mfululizo ni jambo la kukimbiza kituo cha afya huku mgonjwa akinyweshwa maji ya chumvichumvi njiani.

Maji: kuwa tahiri si kuwa salama

Tangi la plastiki ulilolijaza kabla ya kuondoka limekaa na maji miezi mitatu. Pipa la kukingia mvua halikufunikwa. Kisima hakikutekwa. Muislamu huanza siku yake kwa maji, na hapa ndipo penye jambo ambalo kaya nyingi hazilitofautishi. Maji kuwa tahiri ni jambo moja, na kuwa salama kuingia tumboni ni jambo jingine. Maji ya tangi lile huenda hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, yakafaa kwa udhu. Lakini katika udhu unasukutua na kupandisha maji puani, mara tatu tatu, mara tano kwa siku. Na watoto hawasukutui tu, wanameza. Kwa kaya yenye mgonjwa, mtoto mchanga au mzee, hilo si dogo.

Basi mwaga maji yote ya zamani. Usiyamwagie mboga za kuliwa mbichi; yamwage kwenye migomba au uwanjani. Sugua tangi ndani kwa brashi na sabuni, hasa ule utelezi wa kijani ulioganda ukutani, suuza, kisha litie maji yenye dawa ya klorini kidogo, yakae, uyamwage tena. Acha bomba litiririke kabla ya kukinga. Maji ya kunywa yachemshwe. Kwa kuwa tuko juu, maji ya Sumbawanga huchemka kwenye joto lipatalo nyuzi 94 tu, si 100 kama pwani. Kwa hiyo yakianza kutokota usiepue papo hapo, yaache yatokote dakika tatu. (Ndiyo maana pia maharage yako yanachukua muda kuiva kuliko yale uliyopika kwa binti yako.)

Zunguka nyumba. Kopo, tairi, kifuu, sufuria bovu, jani pana lililokinga maji: pindua vyote. Mbu hahitaji bwawa, na katika joto yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili.

Usisahau choo cha shimo. Mvua za miezi minne huweza kula udongo chini ya sakafu yake. Kabla mtu hajaingia, ligonge lile bamba kwa mti mrefu, usikilize, tazama kama pembeni kumefukika. Ni dakika mbili tu.

Panya hawakusafiri

Nyumba ikifungwa, panya huhamia. Ukifungua stoo utakuta mavi yao juu ya magunia, chini ya kitanda, hata ndani ya sufuria. Kosa la kawaida ni kuchukua ufagio mkavu na kufagia kwa nguvu, vumbi likajaa pumzi za watu wote nyumbani. Fungua milango na madirisha kwanza, hewa ipite nusu saa. Nyunyiza maji yenye jiki mahali penye mavi na mikojo, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, yaache kidogo, ndipo ufute kwa tambara ukiwa umevaa glovu. Vyombo vyote vioshwe upya kabla ya kupikia.

Mkojo wa panya una ugonjwa wake, na ugonjwa huo una jina ambalo mkulima angelisikia kwa makini: homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Mnamo Julai 2022 watu wa Lindi walianza kuugua homa iliyoambatana na kutokwa damu puani, ikazuka hofu nchi nzima, mpaka Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba vipimo vimeonyesha ni homa ya mgunda. Wakati wa tangazo hilo wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vikakaa katika maji na udongo mbichi, na kuingia kwa mtu kupitia mchubuko mdogo, macho au mdomo. Dalili ni homa, kichwa, macho kuwa mekundu, maumivu makali ya mashavu ya miguu, na wakati mwingine manjano. Inatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria ikiwahiwa. Ndiyo maana tunasema ukienda kupima homa, mwambie mganga kwamba umesafisha stoo yenye panya na kulima udongo mbichi. Yeye hawezi kulijua hilo kwa kukutazama.

Katika stoo hiyo hiyo kuna mahindi. Rukwa ni ghala la taifa na hakuna anayependa kutupa mahindi. Lakini gunia lililolowa likaota ukungu wa kijani au njano lina sumukuvu, nayo haiondoki kwa kuanika, kuosha, kukoboa wala kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Usiyasage "kwa ajili ya pombe ya jirani", na wala usiwape kuku, kwani sumu hupita kwenda kwenye mayai na nyama. Karanga zilizokunjamana na kuota ukungu, hukumu yake ni hiyo hiyo.

Kuingia bustanini

Sasa ni wiki ya pili. Umelala vizuri, maji ni safi, stoo imefutwa. Ingia bustanini, lakini kwa adabu.

Anza saa mbili au tatu asubuhi jua likiwa limetoka, si alfajiri wala magharibi. Vaa gambuti, suruali au gauni refu, na glovu. Tunajua wengi hulima pekupeku na wanasema ndivyo walivyolelewa. Udongo mbichi uliochanganyika na kinyesi, na katika kipindi chote hiki watoto wa mtaa huenda walifanya bustani yako msala, una minyoo ya safura. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya unyayo, vikaenda mpaka utumboni kunyonya damu. Na ukame ukianza, penye vumbi na kuku huja funza.

Fyeka kuanzia nyumbani kwenda nje, ili kilichomo kipate njia ya kukimbilia. Kabla ya kuingiza mkono popote, piga majani kwa mti mrefu na kanyaga kwa kishindo. Nyoka wengi watakimbia. Kifutu hakimbii, hujilaza kimya akitegemea rangi yake ifanane na majani makavu, na huuma aliyemkanyaga. Usiinue ubao, jiwe wala rundo la kuni kwa mikono mitupu. Akiuma, mgonjwa alazwe na atulizwe, pete na bangili zitolewe, mguu au mkono ufungwe kwenye ubao usitikisike, na abebwe kwenda hospitali. Kuchanja, kunyonya, kukaza kamba na kubandika jiwe la nyoka ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Ukikatwa na jembe au kuchomwa na mwiba wenye udongo, osha kwa maji mengi na sabuni mara moja. Pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi miaka mingi. Akina mama wengi walichanjwa wakati wa ujauzito. Wanaume wengi hawakumbuki hata sindano moja ya pepopunda tangu utotoni. Baba mwenye nyumba aulize kituo cha afya kabla ya kulima, asisubiri kidonda.

Vijana wa mtaani watakuja kukuambia, "Mama, tupulizie dawa ya magugu, siku tatu kwisha." Kwa bustani ya mboga iliyo karibu na kisima na kuku, hapana. Wengine watasema, "Choma tu." Moto uliowashwa nyuma ya nyumba haujui mpaka, na moshi wa majani mabichi unaingia kwanza kwenye kifua cha mjukuu. Kuna njia bora kuliko hizo mbili, na tutaifikia.

Na wewe uliyeficha mche wa mtende au pakiti za mbegu katikati ya nguo: mimea na mbegu haziingizwi nchini bila kibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sheria hiyo ina maana. Mitende ya Oman ina mdudu anayetoboa shina, na mdudu huyo hula minazi pia. Mche mmoja unaweza kuwafikia wakulima wa pwani ambao hawakukukosea kitu. Tena kwa baridi hii yetu mtende hautakuzalia. Leta tende zenyewe, hizo zinatosha.

"Mama, usilime tena"

Tufike kwenye maneno ambayo yamewaudhi wazazi wengi. Siku ya kuagana uwanja wa ndege mtoto alisema, "Mama, umeshakuwa mtu mzima, acha kulima, nitakuwa nakutumia pesa ya mboga." Alisema kwa huruma. Lakini kwa maoni yetu amekosea, na inafaa aambiwe kwa upole.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima, pamoja na mzee, aupe mwili mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na wazee waongeze ya kutia misuli nguvu ili wasianguke. Daktari wa kisukari na shinikizo la damu atakuambia hivyo hivyo. Mjini watu hulipia mazoezi. Wewe una jembe. Nusu saa kila asubuhi, siku tano za wiki, tayari umefika 150. Anza na robo saa wiki ya kwanza ya kulima, pumzika kivulini, kunywa maji. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au jasho baridi likikutoka, acha papo hapo utafute msaada.

Kuna na jambo kubwa kuliko afya ya bibi. Mkoa wetu unalisha nchi mahindi, lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Uchunguzi wa 2022 ulikuta bado ni karibu nusu. Udumavu una sababu nyingi, lakini moja ni sahani yenye ugali mwingi na kitoweo kisichobadilika. Pesa ya M-Pesa ikifika hununua mchele, sukari na mafuta. Si mara nyingi hununua majani ya maboga. Bustani ya nyuma ya nyumba ndiyo inayoweka mchicha, maharage na parachichi kwenye sahani ya mtoto bila kusubiri mtu kutuma. Na katika Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (RA), Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Mparachichi ule ulioangusha matunda ukiwa Muscat, watoto wa mtaa waliyaokota.

Kwa hiyo mwambie mwanao atume pesa, lakini anunue gambuti, chandarua na siku mbili za kibarua wa kufyeka yale mazito. Kulima kwenyewe akuachie.

Magugu yale ni mali

Wafipa wana elimu yao ya kilimo ambayo haihitaji kiberiti wala dawa. Ni ntumba. Mvua zinapoelekea kukatika, wakati ule ule uliorudi wewe, nyasi hukatwa na kulazwa chini, kisha udongo hukwatuliwa pamoja na mizizi na kupinduliwa juu yake, majani yakiwa chini, hadi linakuwa tuta la mviringo. Ndani nyasi zinaoza kwa unyevu uliobaki. Mvua za mwaka unaofuata zinapokuja, matuta hubomolewa na udongo ule mweusi kusambazwa, ukapandwa ulezi. Ndugu zetu Wamambwe, hapa na ng'ambo ya mpaka huko Mbala, wana njia inayofanana nayo wanayoiita fundikila. Wataalamu wamekuja kutoka mbali kuja kuisoma njia hii, na sisi tunawaita vijana watupulizie dawa!

Katika bustani ndogo fanya hivyo hivyo kwa kipimo chako. Magugu uliyofyeka yasitoke nje ya uzio. Yaache yanyauke siku mbili, ng'oa mizizi ya sangari uiweke kando juani ikauke, maana hiyo ikifunikwa huota tena. Yaliyobaki yalaze, funika kwa udongo wa kupindua. Tuta moja au mawili kwa siku yanatosha kwa mtu aliyetoka safari. Kwenye matuta unaweza kupanda maharage mara moja wakati udongo bado una unyevu. Yale ya karibu na kisima yaache yakae bila kuguswa mpaka Novemba, na ukiyabomoa wakati huo utakuta yamejaa minyoo ya ardhi, ambayo hiyo haina madhara kwa mtu, wala usiwaruhusu kuku kuimaliza yote.